Kumvua Mume Wangu Uwakili

Fundi alikuja nyumbani kwetu Mawaleh Jumatatu asubuhi bila kupiga simu, nami nikajua kuna jambo, maana mtu aliyekaa Maskati miaka kumi na mbili kama yeye haji nyumbani kwa watu bila simu. Nilikuwa namlisha mume wangu uji. Nikaweka bakuli chini, nikamfuta mdomo, nikaenda kufungua. Hakutaka kuingia. Alisimama pale mlangoni, jasho linamtiririka, karatasi mkononi.

"Mama, wamenifungia duka," akasema.

Huyu fundi ni mwanamke wa Kikenya. Ana karakana ya kushona sare pale Hamriya, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la simu. Anashona sare za manesi, za wahudumu wa hoteli, na shule zikikaribia kufunguliwa anashona za wanafunzi. Ana mafundi wanne chini yake, wanawake tupu. Mume wangu ndiye aliyekuwa wakili wake.

Nimesema wakili, nisije nikaeleweka vibaya. Si wakili wa kusimama mahakamani na joho. Hapa kwetu mgeni akitaka kufungua biashara ilikuwa lazima atafute mwenyeji, jina la mwenyeji huyo liandikwe kwenye sijili ya biashara, na barua zote za serikali zije kwake. Kazi ya wakili ni kuzipokea, kuzisoma, na kumwita mwenye biashara: kuna hili na hili, siku fulani unatakiwa mahali fulani. Siku hizi sheria imelegezwa, mgeni anaweza kusimama na jina lake mwenyewe. Lakini biashara za zamani zimebaki na mawakili wao mpaka mtu aende akabadilishe, na watu hawaendi. Mazoea yana tabu.

Nikaichukua ile karatasi mkononi mwake, nikaisoma kwa sauti. Ilikuwa ya baladia, watu wa manispaa. Walisema wamekagua, wamekuta mlango wa dharura umezibwa na majora ya vitambaa na kizimamoto kimepitwa na wakati. Wameandika barua kumpa muda wa kurekebisha, muda umepita, hakuna aliyejibu. Basi wamefunga.

"Barua gani, mama? Mimi sijaona barua," fundi akasema. "Yule mkaguzi alikuja, akaangalia, akaniambia nitaletewa maandishi kupitia kwa wakili. Nimengoja."

Nikamwambia, "Ngoja."

Nikaenda chumbani, nikafungua droo ya dawa. Ndani ya ile droo mlikuwa na dawa za presha, za kuyeyusha damu, mafuta ya kuchulia, mkasi, na chini kabisa bahasha. Nilikuwa nimeanza kuzitia humo tangu mume wangu apooze. Kila ikija moja nilisema nitaisoma akilala, na akilala na mimi nililala. Ile ya baladia ilikuwa ya tatu kutoka juu. Nikampelekea.

Akaigeuza. Akaitazama gundi.

"Haijafunguliwa," akasema.

Hakusema kwa hasira, na bora angesema kwa hasira. Alisema kama mtu anayejisomea mwenyewe kipimo cha kitambaa. Nikamwambia, "Mwanangu, kosa langu. Nimekukosea." Akasema sawa, mama, sawa, twende tu tukaone watasemaje.

Mume wangu alikuwa mtu wa bandarini, forodha, miaka yote mpaka alipostaafu. Baada ya kustaafu akawa hana pa kuamkia. Alikuwa anavaa kanzu yake asubuhi, anatia udi, anakaa ukumbini kama anayengoja gari ya kazini. Mimi nilikuwa bado natumikia wizarani wakati ule, nikirudi namkuta pale pale, ameshasoma gazeti mpaka matangazo ya kazi. Ndipo jamaa mmoja aliyefanya naye kazi akamwambia, wewe una jina zuri, unajua makaratasi, kwa nini usiwasimamie watu? Akaanza na Mhindi wa viyoyozi. Akaja mwenye karakana ya vioo, akaja huyu fundi. Wakati mmoja walifika wanane.

Aliipenda kazi ile kuliko ya forodha. Alinunua faili, kila biashara na rangi yake. Barua ikija anaisoma mara mbili, anavaa viatu, anaipeleka kwa mkono wake, hata kama ni ya jambo dogo ambalo lingesemwa kwa simu. Nilimwambia, "Baba watu, petroli yote hiyo ya nini?" Akaniambia, "Barua ya serikali haisomwi kwenye simu, bibiye. Mtu anataka kumwona aliyeileta." Akirudi kutoka Hamriya alikuwa anasimulia chakula chote cha jioni: fundi kaongeza cherehani, fundi kapata kazi ya hospitali.

Kisha akaamka siku moja upande wa kulia haumo. Mdomo umekwenda kombo, maneno yamemwishia. Alikaa hospitali wiki tano. Nilipomrudisha nyumbani alikuwa na maneno machache tu, na hayo nayo hayaji kila yakiitwa. Wateja wake waliondoka mmoja mmoja, kwa adabu, wengine hata sikujua mpaka karatasi ilipokuja. Fundi peke yake hakuondoka. Alikuwa anakuja kumtazama, analeta machungwa, anamkunjia shuka vizuri kwa mikono yake ya ufundi. Nadhani alibaki kwa ajili ya heshima, na heshima yake ndiyo iliyomponza.

Siku ile ya Jumatatu nilimwomba jirani akae na mgonjwa, nikaenda na fundi Hamriya. Palikuwa na utepe mlangoni na wale mafundi wake wanne wamekaa kwenye ngazi, mmoja ana futi ya kupimia bado shingoni. Walinisalimia, "Shikamoo mama," wote kwa pamoja, na mimi sikujua niweke wapi uso. Tukaenda baladia. Nikaeleza mume wangu ni mgonjwa, barua ilikaa kwangu, kosa si la mwenye duka. Yule karani alinisikiliza mpaka mwisho, kijana mwenye adabu, akasema anafahamu, lakini taarifa ikishafika kwa wakili imefika kwa mwenye biashara. Ndiyo maana ya wakili.

Nilikaa na maneno yale njia nzima ya kurudi.

Duka lilifunguliwa siku ya sita, baada ya kuondoa majora, kuweka vizimamoto vipya na kukaguliwa upya. Siku sita si nyingi. Lakini hospitali iliyokuwa inangoja sare za manesi haikungoja, ikatafuta fundi mwingine. Jambo hili fundi hakuniambia, niliambiwa na mmoja wa wale wanawake wa ngazini nilipopita kuwapelekea chapati.

Ijumaa iliyofuata, siku ya mapumziko hapa kwetu, ambayo hata Wakristo huabudu, fundi akaja nyumbani akitoka kwenye ibada yao. Mara hii alipiga simu. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na viatu vya visigino, akavivua mlangoni, akakaa kwenye ukingo wa kochi. Nikamtilia kahawa. Akakizungusha kile kikombe bila kunywa.

"Mama, nimefikiria," akasema. "Nataka tuondoe jina la mzee kwenye sijili. Nisimame mwenyewe."

Ajabu ya moyo. Miezi mingi nilikuwa nataka jambo hilo hilo. Nilikuwa nikisikia pikipiki ya mleta barua naomba isisimame kwetu. Lakini alipolitamka yeye nilihisi nimepigwa kofi.

"Kwa barua ile?" nikamuuliza.

"Barua ni sababu moja tu."

"Na nyingine?"

"Nyinyi mmechoka, mama."

"Nani kakwambia tumechoka?"

"Hakuna mtu ameniambia." Akainamisha macho. "Ile siku nilikuja, ulifungua mlango ukiwa umevaa ndara yako mguu mmoja, na mguu mwingine umevaa ya mzee."

Nilikwenda nazo hivyo hivyo mpaka baladia, na hakuna aliyenambia.

Tukakubaliana pale pale. Nilidhani yamekwisha. Jumapili nikaenda ofisi ya taipu iliyo karibu na kwetu, moja ya zile zinazoshughulikia maombi ya serikali, nikamweleza msichana wa pale kwamba tunataka kuvunja uwakili. Akatazama kwenye kompyuta yake.

"Wakili mwenyewe yuko wapi?"

"Kitandani. Nna hati ya kumsimamia, hii hapa."

Akaisoma. "Hii ni ya benki na hospitali, khalati," akasema, akiniita kama mama yake mdogo. "Haijataja biashara. Lazima akubali mwenyewe, kwa kadi yake na namba yake ya siri."

"Hiyo namba haikumbuki hata kidogo. Jina langu mimi kuna siku halimjii."

"Basi aende polisi, kitengo cha kadi, wamwekee namba mpya kwa alama ya kidole. Kisha aje hapa."

Nikamshukuru. Nikaenda kukaa ndani ya gari, kiyoyozi kinavuma, sikuondoka kwa muda mrefu. Mtu akikwambia panda mlima unapanda. Kinachochosha ni kuambiwa kila ukifika juu kwamba kuna mwingine tena, mdogo tu.

Na bado mume wangu mwenyewe sikuwa nimemwambia. Nilimwambia siku ile ile, nikimkanda mkono. Nikamweleza polepole, fundi anataka kusimama mwenyewe, sheria inamruhusu, wewe umeshafanya kazi yako.

"Hapana," akasema.

Neno hilo lilikuwa halimpotei. Nikamweleza tena. Akaniambia hapana, akautia ule mkono wake mzima chini ya shuka, kama mtoto anayeficha kitu. Nilijaribu kesho yake, na kesho kutwa. Nilitumia sauti nzuri, nikatumia sauti mbaya. Siku moja nikamwambia, Mungu anisamehe, "Huwezi kushika kijiko utashika watu?" Alinitazama tu. Nikatoka nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Wiki mbili zilipita hivyo. Mwishowe nikampigia fundi, nikamwambia mimi nimeshindwa, njoo umwambie mwenyewe, wewe ndiye mwenye haja.

Akaja. Sikukaa nao kwanza, nilisimama mlangoni mwa chumba. Alivuta kiti mpaka karibu na kitanda, kwenye upande mzima, akamshika mkono.

"Mzee, shikamoo."

"Fundi," akasema mume wangu. Neno lilitoka safi.

"Mzee, unakumbuka siku ya kwanza? Nilikuwa na cherehani moja, hata ofisi sina. Mawakili wawili walinikataa. Wewe ukaniuliza swali moja tu."

Mume wangu akamtazama.

"Uliniuliza, kazi hii unaijua? Nikakushonea mfuko wa kanzu uliochanika, pale pale umeivaa."

Mume wangu akacheka. Kicheko chake siku hizi kinatoka upande mmoja, lakini kilikuwa kicheko. Fundi akangoja kiishe.

"Sasa mimi nataka kujisimamia, mzee. Si kwamba nakutupa. Wewe ndiye ulinifundisha kusoma zile barua. Nimekuja kukuomba ruhusa."

Nilimwona mume wangu anatafuta neno, uso wote unafanya kazi, na mimi nimeshazoea kumtafutia, nikataka kumsaidia. Fundi akaniinulia mkono kidogo bila kugeuka, kwamba nimwache.

"Nani," akasema mume wangu. Akapumua. "Nani... atapokea?"

"Barua? Mimi mwenyewe, mzee. Nimeandikisha anwani ya duka. Zitakuja kwangu."

"Utasoma?"

"Nitasoma siku hiyo hiyo."

Akafumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, "Dukani kwanza." Akarudia, akinyoosha kidole gumba kuelekea mlangoni. Alitaka kupelekwa dukani. Tangu augue hakuwa ametoka ila kwenda hospitali.

Tukapanga Jumanne. Asubuhi ile nilimwogesha mapema, nikamvalisha kanzu, nikataka kumvika kofia tu. Akakataa. Akataka kilemba. Miaka arobaini ya ndoa sijawahi kumfunga kilemba, alikuwa anafunga mwenyewe mbele ya kioo huku anapiga mluzi. Nilifunga nikafungua, nikafunga nikafungua, mikono yangu juu mpaka mabega yakawaka. Cha tano kilikubali, kimekaa upande kidogo. Akajitazama kwenye kioo. Fundi akaja na teksi ya Mkenya mwenzake mwenye gari kubwa, tukamwingiza pamoja na kiti cha magurudumu.

Polisi walitupitisha mbele. Mashine ya kidole ilikataa. Ilitaka kidole gumba cha kulia, na mkono wa kulia umejikunja ngumi tangu augue. Askari wa kike akaleta kitambaa cha maji ya moto. Nikaushika ule mkono, nikaanza kuufungua kidole kimoja kimoja, na kila nikifungua kimoja kingine kinajifunga. Watu nyuma yetu wanangoja. "Taratibu, khalati, hatuna haraka," akasema yule askari. Mume wangu alikuwa ameuma meno. Tulipokipata kidole mashine ikasema haisomi. Tukakausha. Haisomi. Mara ya nne askari akasema basi, nitaandika kuwa mkono ni mgonjwa, tutumie wa kushoto. Wa kushoto ukasoma papo hapo. Nilitaka kucheka, nikakuta machozi ndiyo yanayotoka, nikageukia ukutani nikajifanya narekebisha ushungi.

Kutoka pale tukaenda Hamriya. Fundi alikuwa amechagua ofisi ya taipu iliyo mtaa wa nyuma ya duka lake, ili tusizunguke. Lakini mume wangu alikuwa ameshasema dukani kwanza, na akaendelea kusema njia nzima, "Kwanza. Kwanza." Gari likasimama chini ya jengo. Lifti hakuna, na ngazi zile hata mzima anapumua juu yake. Nikamwambia, "Baba watu, ndiyo hapa. Umepaona." Akaendelea kutazama dirisha la juu.

Fundi akapanda mbio. Mara wakateremka wote watano, na yeye amekumbatia ile fremu ya sijili waliyoiangika ukutani, vumbi bado juu yake. Akamwekea magotini, ndani ya gari, mlango uko wazi na joto la mtaa linaingia. Mume wangu akakifuta kioo chake kwa mkono wa kushoto. Akasoma, midomo inachezacheza. Alipofika kwenye jina lake akaliwekea kidole.

Kisha akainua uso, akamtazama fundi. "Kizimamoto?"

Mimi nikashtuka. Habari ya baladia sikuwahi kumwambia. Nilimficha, nikasema asije akapanda presha. Kumbe siku ile fundi aliposimama mlangoni, mume wangu alikuwa amelala chumbani anasikia kila neno, na wiki zote zile za kukataa alikuwa nalo tumboni.

"Vipo, mzee," fundi akasema. "Viwili, vipya."

"Mlango?"

"Uko wazi. Vitambaa nimeviweka upande ule mwingine."

Akaitikia kwa kichwa. Akamrudishia fremu. "Haya," akasema.

Kwenye ofisi ya taipu yalichukua dakika chache. Karani alimsomea kwa Kiarabu: fulani anaacha uwakili wa biashara fulani kwa hiari yake, hana madai, na hadaiwi. Akamuuliza kama anakubali. Mume wangu akasema anakubali, kwa sauti, akabonyeza namba yake mpya mwenyewe. Nilikuwa nimemwandikia kwenye kiganja. Karatasi ikatoka kwenye mashine. Fundi akapewa nakala, na sisi nakala. Nilipotazama simu yangu tayari ujumbe umeingia kwamba ombi limepokelewa na limepita.

Nilikuwa nimengoja nijisikie mwepesi. Sikujisikia kitu. Nilikuwa na njaa, mgongo unaniuma, na nilikuwa nafikiri atahitaji kubadilishwa kabla hatujafika nyumbani.

Fundi alitusindikiza mpaka Mawaleh, akanisaidia kumshusha, akakataa kula. Mlangoni akanikumbatia, jambo ambalo hatujawahi kulifanya. "Mama, nitakuja tu," akasema. "Si kwa barua." Na kweli anakuja, si kila wiki, lakini anakuja. Hospitali ile haijamrudia. Amepata shule mbili.

Nilimlaza mume wangu, nikamfungua kilemba, nikakaa miguuni pake nianze kumvua soksi. Alasiri ilikuwa imeingia, bado sijaswali. Alikuwa amechoka mpaka midomo imepauka, lakini macho yako wazi, yananitazama.

"Leo," akasema. Nikangoja, sikumtafutia neno. "Leo nimefanya kazi."

"Ndiyo," nikamwambia. "Umefanya kazi, baba watu."

Akalala kabla sijamaliza soksi ya pili. Nikabaki nimekaa pale nayo mkononi, nikijiambia nainuka sasa hivi nikaswali, sasa hivi tu.